Kunywa Chai Bila Kuozesha Meno: Mwongozo Kamili kwa Nyumba ya Tabora

Anayelalamika kwamba amepunguza sukari na meno bado yanamuuma, mara nyingi anasema kweli. Amepunguza. Aliyekuwa anatia vijiko vinne sasa anatia viwili, na wengine wameihama sukari kabisa wakaingia kwenye asali, maana Tabora asali haikosekani. Lakini chupa ya chai yenye utamu ndani yake bado iko mezani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kila anayepita anajimiminia nusu kikombe. Hapo ndipo kazi yote inapoharibikia.

Jino linadhurika zaidi na idadi ya mara linazoguswa na utamu kuliko na ukubwa wa kijiko. Ukilielewa hilo, chai yenyewe huna haja ya kuiacha. Chai isiyo na sukari haiozeshi meno, na kuna mambo machache ambayo hata huyasaidia.

## Vitu vya kuwa navyo

Hakuna cha gharama hapa:

- Majani ya chai ya kawaida, yale ya pakiti ya dukani.
- Sufuria au birika lenye mfuniko, na chujio.
- Kijiko kimoja cha chai ambacho hakitabadilishwa mpaka kazi iishe, na kisu cha kusawazishia sukari.
- Kopo la sukari litakalokaa mezani, si jikoni.
- Tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai. Chagua unachopenda.
- Jagi la maji safi ya kunywa karibu na chupa ya chai.
- Mswaki wenye nywele laini na dawa ya meno yenye floraidi. Kwa mtu mzima tafuta kwenye boksi namba kati ya 1,000 na 1,500, ikifuatiwa na herufi ppm, yaani sehemu za floraidi katika kila sehemu milioni za dawa.
- Kalamu na kipande cha karatasi.

Usinunue dawa ya kusukutua kwa ajili ya kazi hii, wala unga wa mkaa wa kung'arishia meno, wala chai ya kijani ya bei mbaya kwa kuwa tu mtu amekwambia inaua wadudu wa meno.

## Kinachotokea mdomoni, kwa kifupi

Juu ya meno kuna ukoga, ule utando laini unaoteleza ulimini asubuhi. Ndani yake wanaishi bakteria, na mmoja maarufu kwa kuozesha ni *Streptococcus mutans*. Akipata sukari hufanya mambo mawili: hutengeneza gundi ya kujishikiza kwenye jino, na hutoa asidi. Ndani ya dakika chache asidi hiyo hushusha kipimo cha pH (kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) chini ya 5.5, na hapo gamba la jino huanza kupoteza madini. Mate huja kuirekebisha hali hiyo, lakini huchukua kama nusu saa hadi saa nzima.

Sasa fikiria mtu anayekunywa funda kila baada ya dakika 20. Mate yake hayamalizi kazi hata mara moja.

Majani ya chai yana polifenoli, yaani kemikali za asili za mmea: katekini ni nyingi kwenye chai ya kijani, theaflavini kwenye chai nyeusi tuliyoizoea. Maabara zimeonyesha kwamba hizi hupunguza nguvu za bakteria hao na huzuia kimeng'enya kinachotengeneza ile gundi. Majani ya chai pia yana floraidi kiasi, kwa sababu mchai huyavuta madini hayo kutoka ardhini na kuyahifadhi kwenye majani. Ni faida ya kweli, ila ndogo. Haiwezi kushindana na vijiko vitatu vya sukari ndani ya kikombe hichohicho.

## Hatua ya 1: Andika mara, usiandike vijiko

Kwa siku tatu usibadilishe chochote. Chora mstari kwenye karatasi kila kitu kitamu kinapoingia mdomoni. Kikombe kizima, mstari mmoja. Nusu kikombe saa moja baadaye, mstari mwingine. Soda, juisi, kashata, pipi ya kikohozi, vyote vina mstari wake. Siku moja kati ya hizo iwe ya mapumziko, kwa sababu siku za kushinda nyumbani chai hunyweka bila mtu kujua.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba karibu kila mtu hudhani anakunywa chai mara mbili kwa siku. Karatasi ndiyo itakayosema ukweli. Mistari minane maana yake ni saa nne au zaidi ambazo meno yalikuwa ndani ya asidi.

Umefaulu ukiwa na namba, hata kama inatia aibu. Usianze hatua ya pili bila namba hiyo, maana hutakuwa na cha kulinganisha.

## Hatua ya 2: Toa sukari kwenye sufuria

Hii ndiyo hatua inayovunja wengi, na inavunjwa na mazoea ya jikoni. Nyumba nyingi hutia sukari chai ikiwa bado motoni, kisha yote huenda kwenye chupa. Hapo mtu hana tena uwezo wa kuamua. Baba, mtoto wa miaka mitatu na bibi mwenye kisukari wote wananyweshwa kipimo cha aliyepika.

Pika hivi:

1. Chemsha lita moja ya maji pamoja na viungo, tangawizi iliyopondwa au mchaichai, kwa dakika tano. Viungo vitangulie, kwa sababu vinahitaji muda kutoa harufu.
2. Tia vijiko viwili vya chai vya majani, epua, funika.
3. Acha dakika tatu hadi nne, halafu chuja mara moja na umimine kwenye chupa.

Usiyaache majani yakachemka robo saa. Yakichemka sana hutoa ukali unaokausha ulimi, na mtu akionja ukali huo mkono wake unakwenda wenyewe kwenye sukari. Chai iliyopikwa vibaya ndiyo inayodai vijiko vinne. Pia huacha madoa mengi zaidi kwenye meno.

Kwa chai ya maziwa, chemsha maziwa na maji pamoja na viungo, kisha fuata utaratibu uleule wa majani. Maziwa yana utamu wake wa asili ambao hauna ukali kwa meno kama sukari ya mezani, na protini yake hushika zile rangi za chai zisigande sana kwenye jino. Ni kweli kwamba protini hiyohiyo hushika pia sehemu ya polifenoli. Mimi ningechagua chai ya maziwa isiyo na sukari kuliko ya rangi yenye vijiko vitatu, bila kufikiri mara mbili.

Onyo la limao na rozela. Chai ya rangi peke yake si chachu kiasi cha kuliumiza jino. Ukikamulia limao au ndimu, inakuwa chachu kweli, na rozela nayo ni chachu sana. Hapo asidi haingoji hata bakteria, inalilamba gamba la jino moja kwa moja. Kunywa kwa hamu mara mojamoja pamoja na chakula, isiwe kinywaji cha kutwa.

Onyo la moto. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Chai ikikulazimisha uipulize na kuivuta kwa sauti, bado haijafika wakati wake. Iache kwenye kikombe mpaka unywe funda la kawaida bila kukunja uso.

Umefaulu ukimimina chai yenye rangi ya shaba, yenye kunukia, na mtu anaweza kunywa funda moja kavu, yaani bila sukari, asilalamike. Si lazima aipende. Asiteme tu.

Na mtu akikuuliza kama chai ya kijani si bora zaidi: ina katekini nyingi na huacha madoa machache. Akiitia sukari, faida hiyo imekwisha.

## Hatua ya 3: Shusha utamu polepole

Aliyeruka kutoka vijiko vinne hadi sifuri siku ya Jumatatu, ifikapo Ijumaa amerudi kwenye vinne, pengine na cha tano cha kujifariji. Ulimi hubadilika, lakini unataka muda.

Wiki ya kwanza usipunguze idadi. Sawazisha tu kila kijiko kwa kisu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu nne za sukari, kile cha mlima huzidi hapo kwa mbali. Wengi hushangaa kwamba wamepunguza sana na hawajasikia tofauti.

Kuanzia wiki ya pili, toa nusu kijiko kwa kila kikombe na ukae hapo wiki nzima. Wiki inayofuata toa nusu nyingine. Ukikwama mahali, ongeza iliki au mdalasini badala ya kurudi nyuma. Harufu ya viungo hivyo huufanya ulimi udhani kuna utamu.

Kipimo cha kukuongoza: mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vilivyosawazishwa kwa siku nzima. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vimekwisha kuvila vyote, kabla hujagusa soda wala andazi.

### Na asali je?

Hapa Tabora suala hili haliepukiki. Asali ya miombo kutoka Sikonge, Urambo au Kaliua ni nzuri, na anayeidharau hajaionja. Lakini jino halina habari na sifa zake. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na hesabu ya Shirika la Afya Duniani inaiweka pamoja na sukari ya mezani. Tena asali ni nzito: kijiko kimoja cha chai hubeba kama gramu saba, ambazo ndani yake kuna sukari gramu tano na zaidi. Aliyebadilisha kijiko cha sukari kwa kijiko cha asali ameongeza utamu, hakupunguza.

Utasikia kwamba asali inaua bakteria. Asali mbichi iliyopakwa kwenye kidonda ni jambo jingine. Kijiko kilichoyeyuka ndani ya kikombe cha maji moto ni sukari iliyochanganywa na maji.

Kama unataka asali, ile pamoja na chakula, mara moja kwa siku, na ihesabu kwenye vijiko vyako sita. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa botulizimu.

Umefaulu siku ukipewa chai kwenye sherehe ukaona ni tamu kupita kiasi, na wenzako wanainywa bila neno.

## Hatua ya 4: Funga saa za chai tamu

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Chagua nyakati mbili za chai yenye utamu, na ziwe pamoja na chakula: asubuhi na kitafunwa, na jioni au usiku wakati wa kula. Wakati wa kula mate hutoka kwa wingi, na mate ndiyo dawa ya kwanza ya meno. Kikombe kiishe ndani ya dakika 15 au 20. Kikipoa hakijaisha, kimwage au kiache, usikibebe hadi ofisini.

Nje ya nyakati hizo mbili unaruhusiwa chai kadiri upendavyo, ila kavu. Ndiyo sababu tuliitoa sukari kwenye sufuria: sasa chupa nzima ni chai kavu, na kopo la sukari linafunguliwa mara mbili tu kwa siku.

Mahali pa kuteleza ni nje ya nyumba. Kwa mama lishe chai ya birika mara nyingi imekwisha kutiwa sukari. Uliza mapema, kabla hajamimina: "Mama, kuna ya rangi isiyotiwa sukari?" Ukifika asubuhi na mapema atakutengea. Ukifika saa nne, kunywa maji.

Kwenye kijiwe cha kahawa mambo ni ya kuchekesha kidogo. Mtu hujisifu kwamba anakunywa kahawa chungu, na ni kweli kahawa haina sukari, lakini mkononi ana kashata anayoimung'unya taratibu kwa saa nzima ya mazungumzo. Kashata ile ni sukari iliyogandishwa. Kama huwezi kuiacha, itafune na kahawa ya kwanza uimalize, kisha vikombe vinavyofuata viende vitupu.

Treni ya kwenda Kigoma au Mwanza ni mtihani mwingine, maana safari ni ndefu na vitu vinapanda dirishani kila stesheni. Beba chupa ya chai kavu na karanga.

Umefaulu ukirudia ile karatasi ya hatua ya kwanza kwa siku tatu na mistari ikawa mitatu au pungufu kwa siku.

## Hatua ya 5: Kitafunwa

Wanga uliopikwa na unga laini, kama mkate mweupe na maandazi, hukwama katikati ya meno na kuendelea kugeuka sukari muda mrefu baada ya kikombe kuoshwa. Muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, yai, karanga za Tabora, hata kiporo cha maharage, ni salama zaidi. Ukila andazi, lile wakati wa chai tamu, lisiwe la peke yake saa tano.

## Hatua ya 6: Maji kwanza, mswaki baadaye

Ukimaliza kikombe, kunywa mafunda mawili matatu ya maji ukiyazungusha mdomoni. Maji huondoa utamu uliobaki na sehemu ya rangi.

Usikimbilie mswaki. Gamba la jino lililotoka kuguswa na asidi linakuwa laini, na ukilisugua wakati huo unalikwangua. Ngoja nusu saa, na kama chai ilikuwa na limao ngoja saa nzima. Asubuhi njia rahisi ni kupiga mswaki kabla ya chai, kisha maji baada ya chai.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Wa usiku ndio usioruhusiwa kukosekana, kwa sababu ukilala mate hupungua sana na bakteria hubaki bila wa kuwazuia. Baada ya mswaki wa usiku hakuna kinachoingia isipokuwa maji. Ukimaliza, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Hili watu hulisahau, na ndilo linalofanya dawa ya meno ifanye kazi.

Mswaki wa mti nao unafaa ukitumiwa kwa utulivu hadi meno ya nyuma. Kwa kuwa hauna dawa ya meno, usiku tumia ule wenye dawa.

Mwezi wa Ramadhani panga upya. Chai tamu mbili zinakuwa futari na daku, na hatari iko kwenye daku: mtu anakunywa chai ya vijiko vitatu na tende, kisha anarudi kulala mdomo ukiwa hivyohivyo. Kula daku mapema kidogo, kunywa maji, na upate nafasi ya kupiga mswaki kabla ya adhana ya alfajiri.

Umefaulu ukipitisha ulimi kwenye meno asubuhi ukayakuta hayana utando mzito, na ufizi hautoi damu unapopiga mswaki. Damu huweza kuchukua wiki mbili kukoma. Isipokoma, soma sehemu ya mwisho.

## Madoa ya kahawia

Doa la chai na jino bovu ni vitu viwili. Doa limekaa juu, limetanda, haliumi, na mara nyingi liko kwenye meno ya mbele kwa ndani. Kuoza mara nyingi huanza kama doa jeupe lisilong'aa karibu na ufizi, kisha hugeuka kahawia, kisha tundu. Lile doa jeupe la mwanzo bado linaweza kurudi hali nzuri kwa floraidi na kwa kupunguza mara za sukari. Tundu halirudi.

Usisugue madoa kwa mkaa, majivu, mchanga wala limao. Meno yatang'aa kwa muda, kisha yatakuwa ya njano zaidi, kwa sababu gamba jeupe limekwanguka na ndani yake ni njano. Na gamba halioti tena.

## Watoto na wajawazito

Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji chai. Chai tamu kwenye chupa ya kunyonyea, hasa ya kulalia, huozesha meno ya mbele ya juu yote kwa pamoja. Aliyepita miezi sita akitaka chupa usiku, mpe maji. Dawa yake ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele hadi afike miaka mitatu, baada ya hapo punje ya njegere.

Familia zilizohamia kutoka Singida au Shinyanga, au zenye ndugu huko, zijue kwamba baadhi ya visima vya mikoa hiyo vina floraidi nyingi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kwenye maji hayo chai kali huongeza juu ya kilichopo, na meno ya mtoto yanayoendelea kuumbika, mpaka kama miaka minane, hutoka na mabaka. Mtoto wa huko anyweshwe maji ya mvua au ya bomba yaliyopimwa, na chai asipewe.

Kwa mjamzito ile kanuni ya chai pamoja na chakula haifai: anywe chai kavu, saa moja mbali na mlo na vidonge vya damu, kwa kuwa polifenoli huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

## Lini uende hospitali

Maji baridi yakikuchoma jino moja kwa zaidi ya sekunde chache, ukiona tundu au doa jeusi linalonasa chakula, ufizi ukitoa damu kupita wiki mbili, au ukiamshwa usiku na maumivu, hatua hizi peke yake hazitoshi. Nenda kwa daktari wa kinywa na meno, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Uso au taya likivimba, nenda siku hiyohiyo.

Nenda tundu likiwa bado dogo. Wengi husubiri mpaka lisivumilike, na wakifika kinachobaki ni kung'oa. Ukikaa kwenye kiti, uliza waziwazi: "Daktari, hili linaweza kuzibwa?" Na beba ile karatasi yenye mistari ya chai. Daktari akiona mara ngapi unakunywa na kwa vijiko vingapi, ataacha kukuuliza maswali ya jumla na kukuambia meno yapi ya kuangaliwa tena baada ya miezi sita.